Kufuatilia Ukoo wa Jina Moja Mkoani Tanga: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Mmoja anasema: "Jina letu la mwisho ni fulani, nataka kujua ukoo wetu umetoka wapi, nianzie wapi?" Mwingine keshaanza, kakwama kwa baba wa babu. Wa tatu kakuta watu wa jina lake Pangani na wengine Mkinga, anauliza kama ni ndugu zake. Nimeandika haya kwa ajili ya wote watatu, na mifano yote ni ya Tanga na vijiji vyake, kwa kuwa ndiko ninakokujua.

Jambo moja ulibebe tangu mwanzo. Kwa watu wengi wa huku, jina la mwisho halidumu zaidi ya vizazi viwili au vitatu. Ukilifuata jina peke yake utapotea mapema sana. Fuata watu: walizaliwa na nani, walikaa wapi, walizikwa wapi, nani aliwarithi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kaunta buku moja la kwaya mbili, kwa kazi hii tu. Usichanganye na hesabu za duka.
- Penseli na kifutio. Kwenye vyumba vya kusomea nyaraka kalamu ya wino kwa kawaida hairuhusiwi.
- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha ya kurekodi sauti, na pawabenki.
- Picha za zamani za familia, hata zilizofifia. Mzee aliyesema "sikumbuki" mara nyingi hukumbuka akishika picha.
- Mtu mzima wa familia wa kukutangulizia hodi. Kijana aliyefika peke yake na daftari mkononi hutiliwa shaka.
- Mwalimu wa madrasa au mtu mwingine anayesoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Utamhitaji makaburini na kwenye karatasi za kabla ya uhuru.

Hatua ya 1: Jua jina lako ni la aina gani

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi inapoharibika. Jina la mwisho la mtu wa Tanga linaweza kuwa moja ya haya:

*Jina la babu.* Ndilo la walio wengi. Ukiitwa Ali Juma Hamisi, Juma ni baba na Hamisi ni babu. Mwanao ataandikishwa shule kwa jina lake, kisha Ali, kisha Juma, na Hamisi hayumo tena. Shaaban Robert, mshairi aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, ni Shaaban bin Robert: Robert ni baba yake. Katika familia nyingi jina la babu mmoja liliganda pale mtoto alipoandikishwa shule au baba alipoajiriwa, na tangu siku hiyo likaitwa la ukoo.

*Jina la ukoo hasa.* Majina mengi yanayoanza na She- kwa Wasambaa, Wabondei na Wazigua ni ya namna hii. Yanashuka kizazi hadi kizazi, na ukiwa nalo una bahati.

*Nisba.* Barwani, Harthi, Shirazi na mengineyo. Yanaonyesha kabila au mahali, lakini si kila aliyelibeba alilipata kwa damu.

*Cheo.* Mwinyi, Jumbe, Diwani, Akida, Sharifu. Huenda babu alishika cheo hicho. Huenda pia alipewa jina kwa heshima ya mtu mwingine aliyekishika.

*Lakabu, kazi au jina la ubatizo.* Fundi, Petro, Yohana, na majina ya utani yaliyoshika.

Kipo kipimo kimoja rahisi. Tafuta wajukuu wa kaka wa babu yako, yaani babu yako mzaa baba. Wakiwa na jina lilelile la mwisho, jina limetoka juu ya babu na kuna ukoo wa kufuatilia. Wakiwa na jina la babu yao wenyewe, basi jina lako ni la babu yako tu, na unapaswa kuuliza yeye alikuwa bin nani. Kipimo hiki kitakuokolea miezi ya kuzunguka.

Tahadhari: nisba zina historia ngumu. Katika pwani yote, watumwa wengi walioachwa huru walibaki na jina la ukoo wa bwana wao, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Wapo wazee waliowaona kwa macho yao watu waliozaliwa katika hali hiyo. Mzee akinyamaza ukifika hapo, badilisha mazungumzo. Ukija kujua, andika kwenye daftari lako na usimtangaze mtu wala familia ya mtu. Wanaosambaza mambo haya kwenye makundi ya simu wanawaumiza watu walio hai, na hakuna utafiti unaohalalisha hilo.

Hatua ya 2: Andika unachokijua na mpe kila mtu namba

Anza na wewe, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili. Kila mtu mpe namba yake na ukurasa wake. Namba si urembo. Huku mtoto hupewa jina la babu au bibi yake, kwa hiyo utakuwa na Ali bin Juma bin Ali bin Juma, na binamu zao wanne wenye majina hayohayo. Ukiandika "Juma alihamia Pangani" bila namba, baada ya mwaka mmoja hutajua ni Juma yupi.

Kwenye kila ukurasa acha nafasi ya mambo matano: mke au mume (wote, pamoja na walioachana), watoto, alikozaliwa, alikozikwa, na nani aliyekupa habari hiyo na lini. Habari isiyo na aliyeitoa haina thamani siku wazee wawili wakipingana.

Hatua ya 3: Keti na wazee, ukianza na akina bibi

Fanya hatua hii mapema, kabla ya nyaraka zozote. Karatasi zitakungoja, wazee hawatakungoja.

Anza na wanawake wakongwe. Bibi aliyeolewa katika ukoo ndiye aliyepokea wageni, aliyejua wake wenza, aliyejua mtoto gani ni wa mama gani. Wanaume mara nyingi watakupa mstari mmoja ulionyooka wa baba kwa baba, na ndani yake wamewaacha ndugu waliogombana.

Peleka sukari na majani ya chai, amkia vizuri, kaa. Kisha sema wazi sababu ya safari kabla hujaulizwa: "Bibi, nimekuja kuuliza majina ya wazee wetu ili watoto wayajue. Sikuja kwa shamba wala mirathi." Sentensi hii ni muhimu kuliko daftari lako. Minazi, viwanja vya Ngamiani mjini Tanga na nyumba zisizogawanywa vimewagombanisha watu wengi, na anayeuliza habari za marehemu hudhaniwa anatafuta hati. Omba ruhusa kabla ya kurekodi.

Usiulize "ukoo wetu umetoka wapi?" Utajibiwa Uajemi au Uarabuni, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza hivi:

- Ulipoolewa, nani walikuja kuposa? Nani alipokea mahari?
- Babu alipofariki nani walikaa eda? Nani walirithi?
- Huyu mtoto alipewa jina la nani?
- Sikukuu mlikuwa mnakwenda kula kwa nani?
- Kaburi lake liko wapi, na nani amelala pembeni yake?

Kila likitajwa neno "ndugu", "kaka", "baba" au "babu", uliza tena: "Baba mmoja mama mmoja? Au baba mmoja mama mbalimbali? Au mtoto wa baba mdogo?" Kwetu baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na babu ni yeyote wa rika lake. Michoro mingi ya ukoo niliyoonyeshwa ina mtu mwenye baba wawili kwa sababu swali hili halikuulizwa.

Kisha omba karatasi ya hitima. Familia nyingi zina karatasi au daftari dogo lenye orodha ya marehemu wanaorehemewa kwa majina kabla ya dua. Orodha hizo hunakiliwa kutoka za zamani zaidi, na majina ya mwisho kabisa kwa kawaida ni ya watu ambao hakuna aliye hai anayewakumbuka. Piga picha ukurasa mzima pamoja na pembe zake, usinakili majina unayoyatambua tu.

Hatua ya 4: Geuza kumbukumbu kuwa miaka

Wazee hawatakupa tarehe, watakupa matukio. Nayo yanatosha:

- Ujenzi wa reli kuanzia Tanga: 1893
- Vita ya Mjerumani na Mwingereza kufika Tanga: Novemba 1914
- Uhuru: 9 Desemba 1961
- Mapinduzi ya Zanzibar: Januari 1964
- Azimio la Arusha: Februari 1967
- Kutaifishwa kwa majumba: 1971
- Operesheni Vijiji: 1973 hadi 1976
- Vita ya Kagera: 1978 hadi 1979

Bibi akisema mama yake alikuwa mwali vita ya 1914 ilipofika, mkadirie miaka 13 hadi 16, yaani kazaliwa kati ya 1898 na 1901. Andika "takriban 1900", na uandike jinsi ulivyofikia hapo. Kwa kizazi kimoja hesabu miaka 25 hadi 30. Ukiona baba na mwana wamepishana miaka 70, huenda kuna kizazi kimerukwa, ingawa kwa mzee aliyeoa mke wa tatu uzeeni hilo si ajabu.

Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Mwaka 1345 utakupa 1926 na ushee, na kweli ulianza Julai 1926. Kosa la mwaka mmoja huku au kule ni la kawaida.

Hatua ya 5: Karatasi za nyumbani

Fungua masanduku kwa ruhusa ya mwenye sanduku. Unachotafuta ni vyeti vya ndoa, talaka, stakabadhi za kodi, kadi za TANU, kadi za kliniki, vitambulisho vya kazi, pasi za safari ya Hija, barua, na migongo ya picha.

Usisahau msahafu. Upo mmoja nilioonyeshwa Makorora, jalada la ngozi limeliwa na mende, na ndani ya jalada mna mistari kumi na kitu ya wino mweusi: jina la mtoto, siku ya wiki, mwezi wa Hijria, na wakati, "baada ya laasiri", "kabla ya alfajiri". Mistari ya juu ni ya hati za Kiarabu, ya chini ni ya herufi za Kirumi na mwandiko mwingine. Baba aliandika, akafa, mwana akaendelea. Watoto watatu kati ya wale hawakuwa wakitajwa na mtu yeyote nyumbani mle, walikufa wachanga. Familia ile ilikuwa imekwenda mara kadhaa ofisini kutafuta tarehe ambazo zilikuwa rafuni.

Hatua ya 6: Makaburini

Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa upande. Mwanga wa ubavu huonyesha maandishi yaliyolika. Piga picha ya kaburi zima, kisha ya maandishi, kisha ya makaburi yaliyolizunguka, maana waliolala pamoja mara nyingi ni wa mlango mmoja.

Usisugue jiwe kwa brashi ya waya, usipake chaki wala unga, usimwage maji ya sabuni. Makaburi ya chokaa na matumbawe yanabomoka kwa urahisi. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji, yenye makaburi zaidi ya arobaini ya karne nyingi zilizopita, yanalindwa kisheria. Nenda ukayaone, lakini usijipachike ukoo kwa sababu familia yako inatoka kijiji cha jirani.

Makaburi mengi ya Waislamu hayana maandishi kabisa. Hapo mwombe mzee atembee nawe na kutaja, na wewe uchore ramani ya mkono: mti, ukuta, njia, kaburi la nani kwanza.

Hatua ya 7: Makanisa, misikiti na mahakama

Kwa familia za Kikristo, vitabu vya ubatizo na ndoa ndivyo bora kuliko vyote. Waanglikana walikuwa Magila, karibu na Muheza, tangu miaka ya 1870, na Walutheri milimani Usambara tangu miaka ya 1890. Misheni ya Wakatoliki Bagamoyo ilianza 1868, na inafaa kuulizwa kama babu wa kwanza kubatizwa alitokea upande huo wa pwani. Andika barua fupi kwa paroko au mchungaji, taja jina la ubatizo, jina la nyumbani, kijiji na miaka unayokadiria. Usiishie kwa mbatizwa, nakili na wasimamizi. Msimamizi mara nyingi ni mjomba au shangazi ambaye hujamjua bado.

Kwa Waislamu, uliza hati za ndoa kwa familia kwanza, kisha kwa shekhe aliyeoza au ofisi yake.

Jalada la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo nalo lina uzito wake: lina orodha ya warithi na uhusiano wao na marehemu. Nenda na jina kamili la marehemu, mwaka wa kifo na eneo.

Vyeti vya kuzaliwa na vifo viko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Sheria ya usajili ni ya mwaka 1920, lakini kwa miongo mingi Waafrika walio wengi hawakusajiliwa, kwa hiyo usivunjike moyo ukikosa babu yako humo.

Hatua ya 8: Nyaraka za Taifa, na Zanzibar

Usiende huku mapema. Nenda ukiwa na kijiji, cheo au kazi, na miaka. Idara ya Nyaraka za Taifa iko Dar es Salaam. Uliza kwanza kuhusu kibali na ada kabla ya kupanda basi. Humo mna majalada ya Wajerumani, majalada ya Waingereza, na vitabu vya wilaya ambamo wakuu wa wilaya waliandika habari za koo, majumbe na maliwali. Familia isiyokuwa na mtu serikalini haitatajwa sana, na hilo ulijue kabla ya nauli.

Babu aliyekuwa mwalimu au karani mtafute pia katika magazeti ya zamani. *Kiongozi*, lililotolewa Tanga enzi za Mjerumani, na *Mambo Leo*, lililoanza 1923, yalichapisha barua na habari za watu wa kawaida kwa majina na vituo vyao.

Wajerumani waliandika kwa masikio yao: Djuma, Schabani, na Vuga ikawa Wuga. Waingereza nao walikuwa na yao. Tengeneza orodha ya tahajia zote kabla hujaketi: Hamisi na Khamis, Athumani na Othman, Selemani na Suleiman, Salimu na Salum.

Familia nyingi za Tanga zina nusu yake Pemba na Unguja. Kwa hizo, Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani huenda zikakufaa kuliko za Dar es Salaam. Wadigo na Wasegeju nao mpaka umewapita katikati, hivyo uliza Vanga na Kwale, upande wa Kenya, kabla ya kusema ukoo umeishia Moa.

Hatua ya 9: Waunganishe wenye jina moja kwa ushahidi

Sasa ndipo uwatafute wale wa Pangani na Mkinga. Jina moja si undugu. Tafuta angalau mambo mawili yanayokubaliana: babu mwenye jina na wake walewale, kijiji kimoja cha asili, makaburi ya pamoja, au mirathi iliyogawanywa kwa pande zote mbili. Kikipatikana kimoja tu, chora mstari wa nukta na uendelee kuuliza.

Usimwambie mzee wa upande wa pili jina unalotafuta. Ukisema "babu yenu alikuwa na kaka aitwaye Mbaraka, sivyo?" atakubali kwa adabu. Mwache ataje mwenyewe.

Ukikwama

*Wazee wawili wanapingana.* Andika kauli zote mbili na jina la kila aliyesema. Mara nyingi wanazungumzia watu wawili wa jina moja. Rudi kwa wake zao: wake wakitofautiana, watu ni wawili.

*Ukoo wote unasema ulitoka Shirazi au kwa Wakilindi, watawala wa zamani wa Usambara.* Iandike kama simulizi ya familia, mahali pake. Usijaze majina ya katikati ili mstari ufike huko.

*Kijiji cha babu hakipo.* Huenda kilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, au kilimezwa na shamba la mkonge. Uliza majina ya mito, vilima na misikiti ya zamani, hayo hubaki.

*Nyumba ilikuwa Ngamiani lakini hakuna anayejua ipi.* Uliza namba ya barabara kwanza, kisha jirani na msikiti wa karibu. Watu husahau namba ya nyumba, barabara hawaisahau.

*Vipimo vya DNA vitasaidia?* Havitakupa jina la babu. Viache mpaka umalize wazee wote.

*Babu alikuja kwa mkonge, hakusema alikotoka.* Hili ni gumu na ni la familia nyingi sana. Manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Urundi na kwingineko, na karani wa shamba aliandika jina alilolisikia, au jina jipya la Kiislamu au la Kikristo ambalo mtu alijipa njiani. Jina hapo halitakusaidia. Uliza shamba gani na kambi gani, maana watu wa kwao walikaa pamoja. Uliza chale za usoni zilikuwa wapi, alicheza ngoma gani, aliwatukana watoto kwa lugha gani alipokasirika. Kisha uliza siku aliyozikwa, watani waliokuja kufanya utani msibani walikuwa kabila gani. Waliohudhuria watakumbuka nani alizuia jeneza akidai pesa, na aliyezuia alijua vizuri marehemu ni wa wapi.